Tofali Lisilo na Jina

Fundi wa Ikinga hapigi chapa kwenye tofali. Ampigie nani? Katika kata hii ya Wilaya ya Ileje, kwenye milima ya Wandali, anayenunua ni jirani, na tanuri lenyewe analiona akiwa mlangoni kwake. Jina huandikwa kwa ajili ya mtu asiyekujua.

Kwa hiyo chapa tuitafute kwenye mali iliyosafiri. Kule pwani, vigae vyekundu vya mapaa ya zamani vililetwa kwa meli kutoka Mangalore, India. Ukikigeuza kimoja unaweza kusoma jina la kiwanda cha Basel Mission na mwaka 1865. Hapo wengi hunaswa. Mwaka huo ni wa kuanzishwa kiwanda, na uliendelea kupigwa kwenye vigae miaka mingi baadaye. Hausemi lolote kuhusu umri wa nyumba. Jina ndilo lenye faida zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza viwanda vya misheni hiyo vilishikwa na kampuni ya Kiingereza, Commonwealth Trust, kwa hiyo kigae chenye jina hilo hakikuezekwa na Mjerumani alipokuwa akitawala Dar es Salaam.

Tofali la Ikinga nalo husomeka, ila kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Upande mmoja una michirizi ya kiganja kilichosawazisha udongo juu ya kibao. Upande wa pili una alama za nyasi za uwanja lilikoanikwa. Rangi nayo inahadaa. Watu huona tofali jeusi wakadhani ni la kale, na lililopauka wakadhani la udongo mbaya, kumbe yote mawili yametoka tanuri moja: la kwanza lilikaa karibu na mdomo wa moto, la pili pembeni, moto haukulifikia vizuri. Mchanganyiko huo ukutani ni ushahidi wa tanuri la kuni.

Wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe, si mbali na hapa, mwaka 1891, na ukikuta ukuta mzee vilimani ni rahisi kuwapa wao kila tofali. Mimi ningeanza na udongo wa kujengea. Nyumba ikibomolewa huku, matofali mazima hayatupwi, hujenga nyingine. Ukiona udongo mkavu umeganda kwenye uso wa nje, ambako fundi hakuwa na sababu ya kuupaka, tofali hilo limeshakaa kwenye ukuta mwingine.