Mafuta Kigoma: Kwa nini yanatafutwe ziwani, si milimani Kasulu?

Je, Kigoma kuna mafuta? Jibu fupi: dalili zipo, lakini upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika bado hakuna kisima kilichochimbwa kuthibitisha.

Milimani kuna nini?

Ukitoka ziwani ukapanda kwenda Manyovu, Muyama hadi Kasulu, unakanyaga miamba ya kale mno. Mingi ni mawe ya mchanga yaliyolala tabaka juu ya tabaka, na sehemu nyingine lava iliyoganda. Ile myekundu wanajiolojia wameipa jina la Manyovu. Umri wake unazidi miaka milioni 500, enzi ambazo miti ilikuwa haijaota duniani.

Sasa, tabaka peke yake halileti mafuta. Vinahitajika vitu vinne kwa pamoja:

- Tope lenye mabaki mengi ya viumbe
- Joto la kuyapika, takriban nyuzi 60 hadi 120 za Sentigredi
- Mwamba wenye vitundu vya kuyahifadhi
- Mwamba usiopitisha mafuta, wa kuyafunika yasivuje

Kwa miamba ya zamani hivi, hata kama mafuta yaliwahi kuwapo, yamekuwa na muda mrefu wa kuvuja na kupotea. Na chumvi ya Uvinza? Inatoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi. Ni mali ya kweli, ila si dalili ya mafuta.

Ziwani kuna nini?

Ziwa Tanganyika limo kwenye mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka na kudidimia kwa mamilioni ya miaka, mito ikajaza mchanga na tope. Leo maji yana kina cha hadi mita 1,470, na chini yake kuna mashapo ya unene wa kilomita kadhaa.

Jambo kubwa ni hili: kuanzia kina cha mita 200 hivi kwenda chini, maji hayana oksijeni. Mimea midogo ikifa na kuzama haiozi yote. Inafukiwa, inapata joto, na taratibu inaweza kugeuka mafuta.

Nini kimeshafanyika?

- Mafuta yanavuja yenyewe Rasi Kalamba.
- Miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani kilipima ziwa kwa mitetemo na kuonesha umbo la bonde lake.
- Mwaka 1987, Amoco ilichimba visima viwili bonde la Rusizi, Burundi. Haikupata mafuta ya biashara.
- Mwaka 2010, Beach Energy ya Australia ilipewa kitalu cha Tanganyika Kusini. Ilipima zaidi ya kilomita 2,000 za mistari ya mitetemo, kisha ikaondoka bila kuchimba.

Mbona Uganda wamepata?

Ziwa Albert limo kwenye mkono huohuo wa Bonde la Ufa. Uganda ilipata mafuta ya biashara mwaka 2006, na mapipa yanayoweza kuvunwa yanakadiriwa kuwa bilioni 1.4. Ndo maana kuna bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga.

Ila Albert ni ziwa la kina kifupi, halifiki mita 60. Mitambo inasimama nchi kavu na kuchimba kwa kupinda kwenda chini ya ziwa. Tanganyika wastani wa kina ni mita 570 hivi, na meli kubwa ya kuchimba haiwezi kufika kutoka baharini. Gharama yake ni kubwa.

Kwa nini likuhusu?

Maji ya ziwa hili hutoka polepole sana kupitia Mto Lukuga. Mengi hupotea kwa mvuke. Mafuta yakimwagika, uchafu utakaa muda mrefu. Wanaoumia ni wavuvi wa dagaa na migebuka, pamoja na wanaokunywa maji hayo katika nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Nchi hizo zilitia saini mkataba wa kulinda ziwa mwaka 2003.

Kwa hiyo ukisikia "mafuta yamegunduliwa Kigoma", uliza kwanza: ni mitetemo au ni kisima? Mitetemo inaonesha pa kuchimba tu. Kisima ndicho kinachotoa jibu. Kisha uliza la pili: yakimwagika, nani atasafisha, na kwa fedha ya nani?