Mchapaji, Mchapishaji na Joho la Uzamili

Henry Chakava hakuwa na shahada ya uchapishaji wa vitabu. Alihitimu Chuo Kikuu cha Nairobi kwa daraja la kwanza katika fasihi na falsafa, na mwaka 1972 akaajiriwa kuwa mhariri katika tawi la kampuni ya vitabu ya Heinemann jijini humo. Kazi alijifunzia pale pale mezani, katikati ya miswada, hesabu za karatasi na barua za London. Zaidi ya miaka 30 baadaye, Chuo Kikuu cha Oxford Brookes nchini Uingereza, kinachofundisha uchapishaji hadi ngazi ya uzamili, kilimtunuku udaktari wa heshima. Chuo kinachotoa shahada za kazi hiyo kilimvika joho mtu aliyeijua kazi bila kuketi darasani.

Sioni ajabu katika jambo hilo. Elimu ya uchapishaji ilikaa mikononi mwa watu karne nyingi kabla haijaandikiwa mtaala, na vyuo vilipoingia uwanjani, wenye ujuzi walikuwa tayari kazini. Historia ya shahada hizi ni historia ya vyuo kuwafuata mafundi.

Lugha yetu yenyewe imeitunza historia hiyo. Kiswahili kina kuchapa na kina kuchapisha. Mchapaji ndiye mwenye mashine, wino na karatasi. Mchapishaji ni yule anayesababisha kitabu kichapwe: anauchagua mswada, anatia sahihi mkataba na mwandishi, anamlipa mhariri, anatafuta fedha, na kitabu kikidoda stoo, hasara ni yake. Kiambishi kidogo cha usababishi kimebeba tofauti ambayo watu wengi hawaioni hadi leo. Mwandishi chipukizi anaupeleka mswada wake kiwandani, analipa, anapewa maboksi ya vitabu, kisha anashangaa kwa nini havimo madukani. Alikuwa na mchapaji tu. Mchapishaji hakuwapo.

Uchapaji ndio uliofundishwa kwanza. London ilikuwa na chama cha watu wa vitabu tangu mwaka 1403, kilichopata hati ya kifalme mwaka 1557. Kijana aliyetaka kuingia humo alifungwa kwa mkataba wa uanagenzi kwa bwana wake, kwa kawaida miaka 7 au zaidi. Kwetu, mmisionari Edward Steere alipofika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, mtambo mdogo wa misheni ulikuwa miongoni mwa vitu vilivyoanza kazi mapema. Vijana waliokombolewa kutoka utumwani walifundishwa kupanga herufi za risasi moja moja, kinyumenyume, mpaka ukurasa wa Kiswahili ukatimia. Tanga, gazeti la Kiongozi lililoanza mwaka 1904 lilichapwa katika shule ya serikali ya Wajerumani, na wanafunzi ndio waliokuwa mikono ya mtambo. Vijana wa Unguja na wa Tanga walijua kuchapa. Uamuzi wa kipi kichapwe ulibaki kwa askofu na kwa mwalimu mkuu wa Kijerumani.

Huko Ujerumani kwenyewe, wauza vitabu wa Leipzig walikuwa wamefungua shule ya wanagenzi wao mwaka 1853. Marekani ilianza kozi fupi ya kiangazi katika Chuo cha Radcliffe mwaka 1947. Hizo zote hazikuwa shahada za uzamili, lakini zilionyesha kwamba upande wa biashara na uhariri nao unaweza kufundishwa.

Mwaka 1948 ndipo Afrika Mashariki ilipopata idara yenye kazi ya mchapishaji hasa: East African Literature Bureau, iliyoanzishwa Nairobi baada ya ripoti ya Elspeth Huxley ya mwaka 1946 kuhusu vitabu vya Waafrika. Mkuu wake alikuwa Charles Richards, mmisionari aliyekuwa ameshaendesha duka la vitabu. Idara ilipokea miswada, ikaisomesha kwa wasomaji, ikawarudishia waandishi maoni, ikachapisha kwa jina la Eagle Press au ikagawana hatari na kampuni za Uingereza. Ilikuwa ya kikoloni, na kitabu chenye siasa kali hakikupita mlangoni pake. Hata hivyo, ripoti ya msomaji, mkataba na mrabaha viliingia katika kazi ya vitabu vya Kiswahili kama mambo ya kawaida.

Uhuru ukaleta haraka. East African Publishing House ilizaliwa Nairobi mwaka 1965, Tanzania Publishing House (TPH) Dar es Salaam mwaka 1966 kwa ubia wa shirika la umma la NDC na Macmillan. Nani wangeziendesha? Walter Bgoya alichukuliwa kutoka wizara ya mambo ya nje mwaka 1972 kwenda kuiongoza TPH. Hakuwa amesomea uchapishaji. Mwaka huo huo kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyodumaza Afrika kilitoka, TPH ikishirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London, na jina la Dar es Salaam likasomeka duniani kote kwenye ukurasa wa hakimiliki. Mwaka 1991 Bgoya akaanzisha Mkuki na Nyota. Chakava naye, alipokuwa akichapisha kazi za Ngũgĩ wa Thiong'o kwa Kigikuyu, alivamiwa na kujeruhiwa kidole kwa panga. Hakurudi nyuma, na mwaka 1992 tawi lile la Heinemann likawa East African Educational Publishers, kampuni ya Wakenya.

Watu hawa wawili hutajwa kila mara kama ushahidi kwamba kazi hii haihitaji darasa. Mimi naona wanathibitisha kinyume chake. Angalieni yaliyoipata East African Publishing House. Iliwatoa Okot p'Bitek na Grace Ogot, ikawa na orodha ya vitabu ambayo nchi yoyote ingejivunia, na bado ikadidimia katika miaka ya 1980. Orodha nzuri haikuilinda. Kampuni ya vitabu inaweza kuwa na waandishi bora na ikafa kwa kukosa mtu anayejua kusoma daftari la madeni. Tulikuwa na Chakava mmoja na Bgoya mmoja, na hatukuwa na utaratibu wa kuwapata wengine kumi.

Hoja hiyo ilikuwa mezani Afrika nzima. Mkutano wa Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria, mwaka 1973, ulijadili uchapishaji wa bara hili. Mwaka 1984 Arusha ilikuwa mwenyeji wa semina ya Wakfu wa Dag Hammarskjöld kuhusu uwezo wa Afrika kuchapisha kwa kujitegemea, na mbegu iliyopandwa pale ilichangia kuzaliwa kwa mtandao wa wachapishaji wa Afrika, APNET, mwaka 1992. Mtandao huo uliyapa mafunzo nafasi ya mbele kwa kuanzisha taasisi yake ya mafunzo, iliyozunguka nchi hadi nchi kwa warsha. Warsha ya siku chache ina faida zake, lakini haimfanyi mtu kuwa mchapishaji.

Vyuo vikuu vya Uingereza vilikuwa vimeshaanza. Chuo Kikuu cha Stirling, Scotland, kilifungua kituo chake cha masomo ya uchapishaji mwaka 1982 kwa shahada ya uzamili. Oxford, mji wenye kampuni za vitabu kila pembe, ulikuwa unafundisha fani hiyo katika chuo cha ufundi ambacho mwaka 1992 kilipanda hadhi kuwa Oxford Brookes. Afrika haikuchelewa sana. Kumasi, Ghana, ilianzisha masomo ya tasnia ya vitabu katika miaka hiyo hiyo ya 1980. Kenya ikafuata kupitia Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilichoundwa mwaka 1984 na kufungua kitivo cha sayansi za habari mwaka 1988. Humo uchapishaji na biashara ya vitabu viliwekwa pamoja na ukutubi na utunzaji wa nyaraka, na baadaye mwanafunzi akaweza kuendelea hadi uzamili. Kumweka mchapishaji jengo moja na mkutubi na mtunza nyaraka ulikuwa uamuzi wa busara, na nitarudi kwake.

Mwanafunzi wa uzamili hufundishwa nini hasa? Atasoma uhariri, usanifu wa kurasa, sheria ya hakimiliki, uuzaji wa haki za tafsiri, masoko. Somo linalomgeuza mtu, kwa maoni yangu, ni hesabu ya toleo. Tuchukue mfano wa riwaya. Kuihariri, kuipanga kurasa, kuchora jalada na kusoma prufu tuseme kumegharimu shilingi milioni 6. Fedha hiyo imeondoka hata kabla ya nakala moja kuchapwa. Ukichapa nakala 1,000, kila nakala inabeba shilingi 6,000 za gharama hizo. Ukichapa 3,000, inabeba 2,000 tu. Kwa hiyo mkono unawasha kuchapa nyingi. Lakini nakala 2,000 zikilala stoo, zimelala pamoja na karatasi na jalada ulilolipia, na panya hawajali hakimiliki. Hapo bado hujatoa punguzo la mwenye duka, mrabaha wa mwandishi na nauli ya lori. Yote hayo yanawekwa kwenye jedwali moja, na mwanafunzi aliyependa vitabu tangu utotoni analazimika kuandika mwenyewe jibu: kitabu hiki kitatoka au hakitatoka?

Mifano ya hesabu kama hizo ilitoka Ulaya kwa muda mrefu. Ndiyo maana utafiti wa Ruth Makotsi na Lily Nyariki kuhusu uchapishaji na biashara ya vitabu Kenya, uliotolewa na kampuni ya Chakava mwaka 1997, ulikuwa na uzito wake. Mwanafunzi alipata soko analolijua: vitabu vya kiada vinavyoilisha kampuni, riwaya zinazosubiri kuteuliwa shuleni ili ziuzike.

Pengo moja bado liko wazi. Anayesomea uchapishaji Eldoret anasoma kwa Kiingereza, hata kama atakwenda kuchapisha Kiswahili maisha yake yote. Maswali ya mhariri wa Kiswahili hayamo katika vitabu vya Stirling: tahajia ipi ifuatwe majina ya kigeni yanapoingia, lahaja ya mwandishi wa Pemba au Lamu isanifishwe hadi wapi, utenzi upangwe vipi ukurasani ili mizani na vina vionekane. Hatukosi mahali pa kuyajibia. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1970 ikifundisha Kiswahili kwa Kiswahili, na tangu mwaka 2009 imo ndani ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), ambako tasnifu huandikwa kwa lugha hii hii. Uhariri na uchapishaji wa Kiswahili unastahili nafasi katika uzamili wa hapo, na wahariri wa kampuni zetu wanastahili kuitwa kufundisha.

Sasa narudi kwenye lile jengo la Eldoret. Tasnifu inahitaji nyaraka. Mtafiti anayetaka kusoma barua za mfululizo wa waandishi wa Afrika wa Heinemann, ulioanza mwaka 1962, atazipata katika kumbukumbu za Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Ripoti za wasomaji, mivutano kuhusu jalada, hesabu za matoleo, zote ziko kule, zimepangwa kwenye maboksi yenye namba. Kijana wa Kakamega au Bukoba anayetaka kujua kitabu alichosoma shuleni kilivyozaliwa anaomba viza kwanza.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wachapishaji wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Zanzibar. Ofisi inapohama, msichome mafaili wala msiyauze kwa kilo. Mikataba ya zamani, miswada yenye wino mwekundu wa mhariri, barua za waandishi waliokwisha kufariki, hata zile za kukataa miswada, ziwekeni pakavu, mziandikie orodha, kisha mkiite chuo kikuu kilicho karibu nanyi kije kuzichukua.