Kuhama chuo kikuu: Gharama ya kupimwa kabla ya kuaga

KILA mwaka wa masomo unapoanza, baadhi ya wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Tanzania hufikiria kuhamia chuo kingine. Wapo wanaofuata kozi waliyoikosa, wapo wanaotaka kuwa karibu na familia, na wapo wanaovutiwa na jina la chuo tu. Swali linalowakabili wao na wazazi wao ni kama faida itakayopatikana inalingana na fedha zitakazoongezeka.

Kosa la kawaida katika hesabu hiyo ni kulinganisha ada peke yake. Kinachoamua gharama halisi ni idadi ya krediti ambazo chuo kipya kitazitambua.

Kwa mujibu wa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa masomo una krediti 120. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu huhitaji krediti zisizopungua 360. Hivyo, mwanafunzi ambaye krediti zake za mwaka wa kwanza zimekataliwa hupoteza saa 1,200 za kazi aliyokwisha kuifanya na kuilipia.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza, anayelipa ada ya Sh1,200,000 na kutumia Sh2,400,000 kwa chakula na malazi kila mwaka. Akibaki, miaka miwili iliyosalia itamgharimu Sh7,200,000.

Chuo anachokitaka kinatoza ada ya Sh1,500,000, na gharama za maisha ni zile zile. Krediti zote zikikubaliwa, atatumia Sh7,800,000, yaani nyongeza ya Sh600,000 tu. Akilazimika kuanza upya, atatumia Sh11,700,000, nyongeza ya Sh4,500,000. Aidha, ataingia katika soko la ajira akiwa amechelewa mwaka mzima.

Kwa anayesoma kwa mkopo, hesabu ina sura nyingine. Asidhani kuwa fedha zitamfuata zenyewe. Anapaswa kuuliza Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), kupitia afisa mikopo wa chuo chake, kama mkopo utahamishwa na kama mwaka wa ziada utagharamiwa. Kila shilingi inayoongezwa ni deni litakalokatwa katika mshahara baadaye.

Lini inafaa?

Kuhama kunastahili gharama pale ambapo kubaki kunaweza kufunga mlango wa taaluma. Mhandisi, kwa mfano, hawezi kufanya kazi hiyo kisheria bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Iwapo programu anayoisoma haitambuliwi, kuokoa ada hakutamsaidia.

Kuhama kunaweza pia kupunguza gharama, hasa kwa mwanafunzi atakayeishi nyumbani na kuepuka kodi ya chumba. Ugonjwa au matatizo ya familia nayo ni sababu nzito zisizopimwa kwa fedha pekee.

Lakini ikiwa kozi ni ile ile, ina ithibati ile ile, na tofauti ni jina tu, ni nadra mwaka wa ziada kulipa. Anayelitamani jina hilo anaweza kumaliza shahada yake alipo, kisha akaomba shahada ya uzamili katika chuo hicho.

Kabla ya kuondoka

Mwanafunzi ahakikishe kwanza kuwa ana sifa za kudahiliwa katika programu mpya na kwamba nafasi ipo. Kisha awasilishe nakala ya matokeo yake pamoja na maelezo ya masomo aliyosoma, na aombe barua inayotaja krediti zilizokubaliwa na mwaka atakaoanzia. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Hadi barua hiyo ipatikane, asijiondoe katika chuo cha awali. Wahenga walionya kuwa usiache mbachao kwa msala upitao.