Pampu Mlangoni mwa Seli

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Taasisi ya Saratani ya Ontario mjini Toronto, Victor Ling alikuwa akizipa sumu seli za hamsta wa China. Sumu yenyewe ilikuwa kolchisini, dawa ya kale ya jongo. Seli nyingi zikafa, chache zikabaki. Akazikuza zile chache, akaongeza dozi. Zikafa tena nyingi, zikabaki chache. Mwishowe akapata ukoo wa seli usiotikiswa na kolchisini. Lakini seli hizohizo zilihimili pia dawa ambazo hazikuwahi kukutana nazo, dawa zisizofanana na kolchisini hata kwa umbo.

Madaktari walikuwa wakiliona jambo hilo wodini. Uvimbe unanywea, mgonjwa anarudi nyumbani, ndugu wanashukuru. Baada ya miezi uvimbe unarudi, na safari hii hausikii dawa ile wala nyingine.

Ling, mzaliwa wa China aliyekulia Kanada, alikuwa ametoka Cambridge kwa Frederick Sanger, bingwa wa kusoma mpangilio wa protini. Mwaka 1976, yeye na Rudolph Juliano walitangaza kwamba seli sugu zina protini kubwa kwenye utando wake, yenye uzito wa takribani dalton 170,000. Kadiri seli ilivyokuwa sugu, ndivyo protini hiyo ilivyozidi. Wakaiita glaikoprotini-P. Herufi P inatoka kwenye neno la Kiingereza la kupenya, kwa kuwa walidhani protini hiyo inaufanya utando usipenyeke. Jina limebaki hadi leo, ingawa dawa kumbe inaingia. Inaingia, kisha inatupwa nje. Keld Danø wa Denmark alikwisha kuonyesha mwaka 1973 kwamba seli sugu huisukuma dawa itoke. Kilichokosekana ni kujua nani anayesukuma.

Jibu lilipatikana mwaka 1986, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Kundi la Ling lilisoma mpangilio wa jeni ya protini hiyo, likaulinganisha na protini nyingine zilizokwisha kusomwa, herufi kwa herufi, kazi ambayo leo kompyuta huimaliza kufumba na kufumbua. Ndugu aliyepatikana hakuwa wa saratani wala wa hamsta. Alikuwa protini ya bakteria wa tumboni, ambayo kazi yake ni kuitoa nje sumu ya bakteria huyo. Kundi la Boston lilifikia hitimisho hilohilo mwaka huohuo. Bila kuigusa protini yenyewe, kwa kulinganisha maandishi tu, ilijulikana kwamba ni pampu inayoendeshwa na nishati ya ATP.

Basi likaja wazo la kuiziba pampu hiyo, ili dawa ibaki ndani ya seli ya saratani. Dawa kadhaa zikajaribiwa kwa wagonjwa, matokeo yakavunja moyo. Sababu mojawapo ilionekana Amsterdam, ambako Alfred Schinkel na wenzake walikuza panya wasio na pampu hiyo. Panya hao walionekana wazima kabisa. Siku moja banda lao lilipuliziwa ivermektini kuua utitiri, kama ilivyo kawaida ya mabanda ya panya, nao wakafa. Ripoti ya mwaka 1994 ilieleza kwamba ivermektini ilijaa kwenye ubongo wao zaidi ya mara 80 kuliko kwa panya wa kawaida. Ni dawa hiyohiyo inayomezwa vijijini kwetu dhidi ya usubi na matende bila kudhuru ubongo, kwa sababu pampu ya Ling inasimama zamu kwenye mishipa ya ubongo na kuirudisha kwenye damu. Ukiiziba pampu, unauondoa ulinzi huo pia.

Ling alihamia Vancouver katikati ya miaka ya 1990, akaendelea kuwasaka ndugu wa pampu yake kwa njia ileile ya kulinganisha mpangilio. Mwaka 1995 kundi lake lilitangaza jeni waliyoiita dada wa glaikoprotini-P, inayofanya kazi kwenye ini. Miaka mitatu baadaye ilithibitika kwamba dada huyo husukuma chumvi za nyongo kutoka kwenye seli za ini. Wako watoto wanaozaliwa na jeni hiyo ikiwa na kasoro: nyongo inakwama, ini linaharibika taratibu, macho yanakuwa ya manjano, na ngozi inawawasha mpaka wanajikuna na kutoka damu.