Sakafu ya Guka: Kabla Uite Mbao ya Matabaka Feki

Wasee, kwetu kumekuwa na vita baridi ya wiki tatu, na chanzo ni sakafu.

Tunaishi Kamenu, hapa Thika. Mbele ya nyumba kuna veranda ambayo miaka yote kazi yake ilikuwa kuanika nguo mvua ikinyesha na kuweka viatu vya wageni. Mathe akaamua ifungwe na vioo, pande zote mpaka juu, apate chumba cha mimea yake na chai ya asubuhi. Vioo vikawekwa, ikabaki chini. Mathe anataka mbao ya matabaka, ile mafundi huita injiniadi: juu kuna ubao halisi mwembamba, chini yake matabaka mengine yamegundishwa. Mjomba akasema hiyo ni feki. "Sakafu ya mbao ni mbao nzima," akasema, "kama zile za Nairobi za kitambo."

Guka alikuwa kimya muda huo wote. Akaingia chumbani kwake, akarudi na kibao kidogo cha kahawia, kifupi kuliko simu yangu lakini kizito ajabu. Akakikwaruza na kisu, akanipa ninuse. Miaka yote hiyo na bado kinanukia kama udi!

"Huu ni muhugu," akaniambia. "Hizi ndizo nilikuwa napanga nikiwa kijana."

Manze, mimi nilijua guka alikuwa fundi. Sikujua alikuwa fundi wa sakafu. Miaka ya 1960 alipiga magoti kwenye nyumba za Nairobi akipanga pakei, vile vibao vidogo vinavyolala kama mifupa ya samaki. Jioni anapanda gari kurudi kwake, na kwake sakafu ni udongo. Cucu alikuwa anaipaka samadi ya ng'ombe na majivu ili vumbi litulie na viroboto wapungue. Guka anasema nyumba moja alipanga sakafu ya vyumba vitatu, na siku ya kumaliza akaambiwa atokee mlango wa jikoni, asiikanyage.

Kwa hivyo mjomba akisema "za Nairobi za kitambo", mimi sasa nauliza: za nani? Na zilitoka wapi?

Tuanze na reli. Ilifika Nairobi 1899, na tawi la Thika likafunguliwa 1913. Treni za wakati huo zilichoma kuni, na misitu ya karibu na mji ndiyo iliyolisha injini. Nyumba za mawe zikapanda vilimani, upande ambao Mwafrika aliingia kama mfanyakazi tu. Nyumba hizo zilitaka sakafu ya heshima, na heshima wakati huo ilipimwa kwa macho ya Ulaya. Kule, tangu karne ya 17, pakei ilikuwa alama ya jumba la mkubwa. Mwaka 1684 jumba la mfalme kule Versailles, Ufaransa, lilitolewa marumaru likawekewa pakei, kwa sababu maji ya kuoshea marumaru yalipenya na kuozesha mihimili ya mbao iliyokuwa chini. Kumbe hata mfalme alisumbuliwa na maji kwenye sakafu.

Huku kwetu, mti ulioifaa kazi hiyo ulikuwa hapo hapo. Muhugu huota kwenye misitu mikavu ya nyanda za Nairobi kama Karura na Ngong, pia Arabuko-Sokoke kule Pwani, na Tanzania. Mbao yake ni ngumu sana na haiishi mapema hata ikikanyagwa na watu mia kwa siku. Lakini shina lake ni fupi, limepinda, na mara nyingi lina uwazi katikati. Huwezi kupata ubao mrefu wa maana. Unachopata ni vipande vifupi, na pakei inataka vipande vifupi. Basi muhugu ukawa mti wa sakafu. Ulipasuliwa vibao hapa Kenya na Tanzania, vikapangwa kwenye nyumba na kumbi zetu, na vingine vikapakiwa melini kwenda Ulaya.

Shida ni kwamba muhugu hukua polepole sana, na mbegu zake nyingi hazioti. Halafu hatukuukata kwa sakafu pekee. Ulikuwa nguzo za ua, na ulikuwa kinyago. Wachongaji wa Ukambani, ambao biashara yao ilikua baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliupenda kwa sababu unachongeka vizuri na haupasuki ovyo. Kila kifaru na twiga aliyebebwa na mtalii alikuwa kipande cha msitu. Kufikia miaka ya 1990 mti ulikuwa umeadimika kiasi kwamba mashirika ya uhifadhi yaliwahimiza wachongaji wahamie mwarobaini, jakaranda na mwembe.

Na miaka hiyo hiyo, Karura yenyewe ilikuwa karibu kuliwa. Msitu uliotangazwa kuwa hifadhi 1932 ulikuwa umegawiwa watu binafsi wajenge majumba. Wangari Maathai na wenzake walienda kupanda miti, na Januari 1999 wakapigwa na walinzi mpaka damu ikamwagika. Leo wengi wetu tunaenda Karura kupiga picha na kukimbia. Fikiria tu: pale unapopiga picha palikuwa pawe sebule ya mtu, labda yenye sakafu ya mbao.

Februari 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji kwenye misitu ya umma. Ilisemwa ni siku 90, ikaendelea miaka. Bei ya mbao ikapanda, mashine nyingi za kupasulia zikanyamaza, na mbao zikazidi kuja kutoka Tanzania, Uganda na Kongo. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza marufuku imeisha, na mara moja kesi ikaingia kortini. Yaani nchi hii bado haijaamua nani anaruhusiwa kuangusha mti. Kwa hivyo "mbao nzima" anayoitaka mjomba si jambo la pesa tu. Kuna msitu mahali unaoilipia, hata kama hatuuoni kutoka Kamenu.

Sasa turudi kwa mbao ya matabaka. Wazo si jipya wala si la Wachina, kama mjomba anavyodhani. Wamisri wa kale waligundisha mbao nyembamba tabaka juu ya tabaka, na jeneza la namna hiyo lilipatikana Saqqara. Sakafu ya matabaka kama tunavyoijua ilipata hataza mwaka 1941 kule Uswidi, kwa jina la Gustaf Kähr. Tatizo alilotaka kutatua ni lile lile linalotusumbua sisi: mbao hucheza. Ikinyonya unyevu inapanuka kwa upana wake, ikikauka inasinyaa. Dawa ni kulaza tabaka moja hivi na lingine likatize, ndio kila moja limzuie mwenzake. Plaiwudi ya kabati lako inafanya kazi hiyo hiyo.

Na ona hesabu ya msitu. Kibao cha guka kilikuwa muhugu juu mpaka chini, na miaka yote watu walikanyaga milimita chache za juu peke yake. Zile za chini zilikuwa mti mgumu, wa miaka mingi, uliofichwa kwenye gundi. Kwenye mbao ya matabaka, ule mti mgumu unakaa juu tu, milimita 2 hadi 6, na chini kuna mti unaokua haraka. Mimi naona hiyo ni adabu. Feki ni kitu kingine: lamineti, ambayo juu ni picha ya mbao iliyochapishwa. Hata hiyo si dhambi, mradi muuzaji aseme ukweli.

Lakini mathe pia nilimpinga kidogo, kwa sababu chumba cha vioo kina historia yake. Kilivuma Uingereza karne ya 19, hasa baada ya kodi ya vioo kuondolewa 1845, na kilikuwa cha mimea. Chini waliweka mawe au vigae, kwa sababu mimea inamwagiliwa. Mbao kwenye chumba hicho ni kitu kimekuja baadaye, watu walipoanza kukigeuza sebule. Thika Februari jua likipiga kioo, humo ndani ni jiko. Julai asubuhi vioo vinatoa jasho, maji yanateremka mpaka chini. Hakuna chumba kigumu zaidi kwa mbao. Mbao nzima pale ingejikunja ndani ya mwaka, na lamineti ikinywa maji huvimba kingo na hairudi. Ukitaka mbao kwenye vioo, matabaka ndiyo yenye nafasi nzuri, na hata hiyo inataka masharti.

Haya ndiyo tuliyokubaliana nyumbani, baada ya guka kuchukua usukani. Kwanza, saruji ikauke kabisa. Hesabu yake ni mwezi mmodi kwa kila inchi ya unene, na mvua ikiwa nyingi unaongeza. Pili, juu ya saruji itandazwe karatasi ya plastiki nzito ya kuzuia unyevu. Tatu, maboksi ya mbao yakae ndani ya chumba chenyewe siku kadhaa kabla ya kupangwa, ili mbao izoee hewa ya hapo. Nne, ukutani iachwe nafasi ya kama milimita 10 kuzunguka chumba chote, ifunikwe na ubao wa pembeni, ndio sakafu ipate pa kupumulia. Tano, tabaka la juu lisipungue milimita 3, ili siku moja liweze kupigwa msasa lianze upya. Sita, mimea ya mathe ikae kwenye sahani, na dirisha moja la juu lifunguke. Jua litabadilisha rangi ya mbao tu, hilo halina dawa, kwa hivyo mikeka isikae mahali pamoja mwaka mzima.

Na saba, hii niliongeza mimi: muulize muuzaji tabaka la juu ni mti gani na umetoka nchi gani. Duka la kwanza walinicheka. La pili walinionyesha karatasi yenye jina la mti na nchi ulikokatwa. Tulinunua la pili.

Kama mfuko hauruhusu, usione aibu. Saruji nyekundu ya polishi ilitulea wengi wetu. Mimi na binamu zangu tuliing'arisha kwa kuvutana juu ya blanketi kuukuu, na kwenye chumba cha vioo haiogopi maji wala jua. Ningeichagua hiyo mara kumi kabla ya mbao nzima ambayo hakuna anayejua imeibwa msitu gani.

Sakafu yetu iliisha Jumamosi. Fundi ni kijana wa hapa hapa mtaani, na guka alikaa kwenye kiti cha plastiki akimrekebisha kila mstari mpaka nikamwonea huruma. Mjomba bado anasema ni feki, lakini ndiye wa kwanza kubeba kikombe chake cha chai kwenda humo. Kazi ilipoisha guka alivua viatu mlangoni. Nikamwambia, "Guka, ingia tu navyo, ni kwako." Akasema anajua ni kwake, anataka tu kuisikia na miguu.

Zaidi ya miaka 50 tangu apange pakei ya mwisho, hiyo ndiyo sakafu ya kwanza ya mbao kwa familia yetu. Ubao wa juu una milimita 4. Zinamtosha.