Mita 400

Bibi yangu hakuwahi kupima umbali kwa mita. Kwake maji yalikuwa ama "hapo chini" ama "huko". Hapo chini palikuwa na chemchemi iliyotoka kwenye mwamba, chini ya migomba ya baba yake, katika vilima vya Kasulu. Huko palikuwa popote alipolazimika kuchota baada ya mwaka 1972.

Mwaka ule Serikali iliendesha Operesheni Kigoma. Waha walikuwa wakiishi wametawanyika vilimani, kila ukoo na migomba yake na chemchemi yake. Sasa walitakiwa wakae pamoja katika vijiji vya ujamaa. Bibi alishuka na kitanda, kuku watatu na mama yangu akiwa mgongoni. Waliahidiwa shule, zahanati na maji.

Haikuwa mara ya kwanza. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa Kibondo na Kasulu katika makazi mapya ili kuwakwepesha mbung'o wa malale. Baba yake bibi alikuwa mmoja wao, kisha akarudi mlimani kimyakimya. Kwa hiyo katika familia yetu neno "msaada" lilikuja na agizo la kufunga mizigo.

Hata hivyo, ahadi ya maji haikuwa ya uongo. Mwaka 1971 Tanzania ilikuwa imepitisha mpango wa miaka 20: ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Na yawe ya bure, kwa sababu Serikali ingebeba gharama za ujenzi na za uendeshaji.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, kisha wakachimba vyoo. Bibi alijifunza kusoma ukubwani, na hadi anakufa aliweza kueleza kwa nini choo kisichimbwe juu ya chemchemi. Nimefikiri sana kwa nini ule msaada ulidumu. Nadhani ni kwa sababu ulihitaji jembe na maarifa, na vyote viwili vilibaki kijijini mwalimu alipoondoka.

Bomba ni jambo jingine. Bomba linataka saruji, viungio, koki, na pampu inataka dizeli. Wafadhili waligawana mikoa: Sweden ikachukua Mwanza, Mara na Kagera, Denmark ikachukua Iringa, Mbeya na Ruvuma, Finland ikachukua Mtwara na Lindi. Norwei ilifadhili mpango mkuu wa maji wa Rukwa na Kigoma. Mipango ilikuwa mizuri. Lakini nchi ilitoka kwenye vita vya Kagera ikiwa haina fedha za kigeni, na vipuri vikaadimika. Na kwa kuwa maji yalikuwa ya Serikali, hata koki iliyokatika ilikuwa ya Serikali. Kijiji kiliandika barua, kikamngoja fundi wa wilaya, naye fundi akangoja mafuta ya gari.

Mwaka 1991 ulipofika, sera mpya ya maji ikatangaza kwamba wananchi watachangia gharama. Mimi nilizaliwa baadaye. Katika kijiji chetu koki ya zamani ilikuwa imekauka, nasi watoto tuliifanya nguzo ya goli.

Kisha ukaja 2015. Warundi walikimbia machafuko, maelfu kwa maelfu wakajikuta wamebanana Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, bila vyoo wala maji salama. Kipindupindu kiliua watu. Meli ya Liemba ikawapeleka Kigoma mjini, kisha mabasi yakawapandisha Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na sasa ikawa na watu zaidi ya 150,000. Oktoba ile kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena.

Malori yenye mabomba na matenki yalipita barabarani kwetu. Mama alisimama na ndoo yake kichwani, akayatazama. "Kumbe bomba linaweza kufika kwa wiki," akasema. "Sisi tungoje vita?"

Sikuwa na jibu. Sera yetu ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku. Kipimo cha dharura ni lita 15. Mkimbizi hakuwa akipata anasa. Alikuwa akipata haraka, na sisi tulikuwa tukipata ahadi. Ni bibi aliyemaliza mazungumzo. Alikuwa ameongea na mwanamke wa Kirundi sokoni, kila mmoja kwa lugha yake, wakaelewana; maji kwa wote wawili ni *amazi*. "Nao wamehamishwa," alisema. Hakuongeza neno.

Sheria ya maji ya mwaka 2019 ilianzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuweka vyombo vya watumiaji maji vya kijamii viendeshe miradi, wakala ukivisaidia kitaalamu. Yaani fundi yupo, ila daftari liko kijijini. Kwetu mtunza fedha ni msichana niliyesoma naye. Anaandika kila ndoo. Koki ikiharibika, hafungi barua, anafungua sanduku.

Mradi wetu ni wa mserereko. Nilipanda na mafundi hadi kwenye banio, nikakuta mwamba na migomba iliyogeuka pori. Ilikuwa chemchemi ya bibi. Maji yake sasa yanashuka kwa bomba njia ileile aliyoshuka yeye mwaka 1972, ila yamechelewa karibu miaka 50, naye hakuyangoja.

Siku ya msiba wake wa mwaka mmoja nilihesabu hatua kutoka mlangoni kwake hadi kwenye koki. Zilikuwa 640. Kwa miguu yangu, mita 400 ni hatua 530 hivi. Zimebaki 110.