Mfupa, Maji na Mionzi Chini ya Mlima Meru

Msafiri atokaye Moshi kwenda Arusha hupita Maji ya Chai kabla hajafika Usa River. Maji ya Chai ni mji mdogo uliopewa jina kwa rangi ya mto wake, lakini kilichowasumbua wenyeji miaka yote hakina rangi. Ni floraidi, ambayo maji huibeba kutoka kwenye miamba na majivu ya volkano ya Meru. Mtoto anayekua kwa maji hayo huota meno ya kahawia. Ikizidi, mifupa nayo hupinda, na watu husema mtoto ana matege. Hata magadi yanayotiwa kwenye makande ili yaive upesi huongeza floraidi chunguni.

Nimeanza na meno kwa makusudi. Kijana wa Arusha anayetamani kusomea sayansi ya nyenzo, yaani elimu ya jinsi vitu vilivyojengeka ndani na vinavyoweza kugeuzwa vifae, au uhandisi wa nyuklia, hudhani elimu hizo ni za nchi za mbali. Mimi naona zina historia hapa hapa, na historia yote imezunguka madini mamoja: apataiti.

Apataiti ni kalsiamu na fosfeti zilizoshikamana katika fuwele, na ndiyo iliyojenga jino na mfupa. Fuwele zake zina nafasi ambazo mgeni anaweza kuzikalia. Floraidi ikipita karibu, huing'oa hidroksidi na kukaa mahali pake. Hivyo ndivyo jino la mtoto wa Maji ya Chai linavyobadilika kabla hata halijatokeza kwenye ufizi.

Mwaka 1964 madaktari Grech na Latham walichapisha utafiti wao kuhusu madhara ya floraidi kaskazini mwa Tanganyika. Miaka 10 baadaye, Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita ya maji ya kunywa vijijini, ilhali Shirika la Afya Duniani leo linapendekeza isizidi 1.5. Kiwango kile kilikuwa kikubwa, lakini kukikaza kungefunga visima ambavyo watu hawakuwa na badala yake. Baadaye kilishushwa hadi 4.

Kazi iliyonivutia kuliko zote ilifanyika Ngurdoto, kwenye kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floraidi. Walijaribu shabu na chokaa. Walijaribu pia mkaa wa mifupa, na huo ndio uliowakaa mikononi. Mifupa ya ng'ombe hupangwa kwenye tanuri na kuchomwa kwa hewa kidogo, kisha husagwa chengachenga na kujazwa kwenye chujio. Ufundi wote umo kwenye moto. Mfupa uliotoka wa kahawia haujaiva, na maji yake yatanuka. Uliotoka mweupe umeungua kupita kiasi, na nguvu yake ya kunasa floraidi imepungua. Unaotakiwa ni mweusi au wa kijivu. Tabia ile ile iliyoharibu jino, ya apataiti kuipokea floraidi, hapa imegeuzwa kuwa dawa: mfupa wa ng'ombe unaikamata kabla haijafika kwenye mfupa wa mtoto. Anayejua kutofautisha rangi hizo na sababu zake ameshaingia kwenye sayansi ya nyenzo, awe na shahada au asiwe nayo.

Sasa tutoke Arusha kwa barabara ya Dodoma, kiasi cha kilomita 100, hadi Minjingu karibu na Ziwa Manyara. Mwaka 1956 watu waliokuwa wakitafuta urani huko walikuta kilima cha fosfeti. Kilima kile ni mabaki ya ndege wa ziwa la kale, kinyesi na mifupa yao. Nacho ni apataiti. Katika nafasi za kalsiamu ameingia mgeni mwingine, urani, na ndiyo iliyofanya vipimo vya mionzi vipande. Jiwe hilo limekuwa mbolea ya mashamba yetu, na kwa wanasayansi likawa shule ya mionzi.

Tanzania ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 1976. Sheria Na. 5 ya mwaka 1983 ilizaa Tume ya Taifa ya Mionzi, na Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 ikaleta Tume ya Nguvu za Atomiki. Maabara zilijengwa Njiro, jijini Arusha. Watafiti wa ile Tume ya Mionzi walipima mionzi ya mgodi wa Minjingu, na mwaka 2000 wakachapisha kuwa ni mara nyingi ya wastani wa dunia. Kinu cha nyuklia hatukuwa nacho. Cha kwanza Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, huko Kongo, nchi ambayo urani yake ya Shinkolobwe ilikuwa imekwisha kutumika kwenye bomu la Hiroshima. Wataalamu wa Njiro wamejikita kwenye kinga: mashine za eksirei, chakula kinachoingia nchini, na beji wanazovaa wahudumu wa hospitali. Naona huo ni msingi bora kuliko kuanza na kinu.

Chuo kikuu kilifuata baadaye. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, pale Tengeru, ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2011, ikiwa na skuli inayounganisha nyenzo, nishati, maji na mazingira. Mwaka 2015 mhadhiri wake, Askwar Hilonga, alitwaa tuzo ya uhandisi kwa Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa chujio la maji la mchanga na chembe za nano. Maji tena.

Ombi langu kwa wanaofundisha fani hizi: kabla mwanafunzi hajachorewa kinu cha nyuklia ubaoni, mpelekeni Ngurdoto akaone tanuri, kisha Minjingu akalipime jiwe, kisha Njiro asome alichopima. Wiki moja inatosha kwa safari nzima.